Kaburi la Mtu Asiye na Dini

Juzi nilikuwa Kayanga, dukani kwa muuza saruji na nondo, nikingoja mvua ipungue. Vijana wawili mafundi, ninaowajua kwa sura tu, walikuwa wamekalia mifuko ya saruji (kosa la kwanza hilo, mfuko wa saruji haukaliwi) wakibishana mambo waliyoyaona kwenye simu. Mmoja alisema mtu asiyeamini Mungu naye ana dini, kwa kuwa kule kutoamini ndiyo dini yake. Mwenzake akasema huo ni upuuzi, ni sawa na kusema kapera ameoa ukapera. Walipoishiwa maneno wakanigeukia.

"Shikamoo babu. Wewe umejengea makaburi watu wa kila dini. Hebu tuamulie."

Nikaitikia marahaba, nikawaambia jibu langu ni refu na mvua imeshakatika. Nilikuwa nawakwepa. Swali lile liliwahi kunifikia nikiwa na mwiko mkononi na msiba uko uani, na sikulijibu vizuri. Sasa nimekaa, chai ipo, kwa hiyo nawajibu hapa, ninyi wawili na wengine wote mnaojifunza uashi. Mkichoka njiani mtajua wenyewe.

Mimi ni mwashi mstaafu, ingawa fundi hastaafishwi na mtu. Magoti ndiyo yaliyonistaafisha. Nimejenga nyumba, matangi ya maji na vyoo vya shule kuanzia Ihanda hadi Murongo mpakani, lakini kazi iliyonilisha ni makaburi. Huku kwetu mtu anazikwa kwenye kibanja chake, kati ya migomba na mibuni aliyoipanda, na kaburi likijengwa vibaya familia italiona kila asubuhi ikienda kukata ndizi. Nyumba ukiikosea, mwenyewe atakufokea mtaelewana. Kaburi ukilikosea, mwenyewe hasemi kitu, watasema wajukuu zake mpaka na wewe uzikwe.

Basi shikeni haya kabla sijasahau. Tofali za kuchoma ziloweke kwanza, la sivyo zitanyonya maji yote ya udongo wako wa saruji na ukuta utabaki unga. Usipige niru, ule uji wa saruji wa kulainishia ukuta, jua likiwa kali. Na mabamba ya zege ya kufunikia, usingoje mtu afe ndipo uyamwage. Msiba wa huku haungoji zege likomae, na bamba bichi likikatika mbele ya waombolezaji hakuna pa kuficha uso. Weka ya akiba nyumbani, hata mkeo akinuna. Wangu alinuna mwaka mzima, baadaye akagundua yanafaa kuanikia maharage, na nikitaka kuyachukua kwenda kazini ikawa ugomvi wa upande wa pili.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Ta Rwehumbiza. Ta ni heshima yetu kwa mzee wa kiume, kama Ma ilivyo kwa mama. Alikuwa mtu wa maneno machache na makofi mengi, lakini somo lake kubwa alilipata mbele yangu na hakuona haya. Tuliitwa kujenga kaburi kwenye mji wa familia moja nje kidogo ya Kayanga. Tukachimba, tukapandisha tofali pande zote, tukasawazisha vizuri, na kwa mazoea Ta Rwehumbiza akawa ameshapigilia mbao za kumwagia msalaba. Akaja shehe mmoja mzee, akachungulia, akasema kwa upole, "Fundi, umejenga nyumba nzuri sana, ila mgeni wetu hatalala humo."

Ilikuwa familia ya Kiislamu. Hatukuwa tumeuliza, maana huku wengi ni Wakatoliki na Walutheri, na fundi mvivu hudhani wote ni hao. Ta Rwehumbiza hakubisha. Alizitoa tofali kwa mikono yake mwenyewe, kisha akakaa ukingoni akaelekezwa jinsi mwanandani unavyochimbwa ubavuni upande wa kibla na jinsi marehemu anavyolazwa. Tukirudi na baiskeli zetu akaniambia, "Kabla hujauliza urefu wa marehemu, uliza ni wa wapi."

Swali hilo nikalibeba kazi yangu yote. "Marehemu ni wa wapi?" Nikijibiwa Mkatoliki, najua msalaba, pengine na mahali pa picha na rozari. Mlutheri ni msalaba pia, na nafasi ya mstari wa Biblia, na utakuta mjomba mmoja anayetaka mstari mrefu kuliko kaburi. Wasabato niliowajengea hawakutaka msalaba kabisa. Walokole nao niliwaogopa kwa jambo moja tu, mahubiri yao yalinikausha udongo kwenye karai. Jibu hilo moja lilinipa ramani ya kazi nzima, na hakuna aliyewahi kunijibu "hakuna" mpaka nilipokutana na bwana mifugo.

Aliitwa Ta Byamukama. Alitibu ng'ombe Kyerwa miaka mingi, akastaafu akarudi Nyaishozi kwenye kibanja cha baba yake, jirani yangu wa migomba kumi hivi. Kwa wasiojua lugha yetu, Byamukama maana yake mambo ya Bwana, na watu walimtania sana kwa hilo, mtu asiyeamini Mungu kutembea na jina la namna hiyo. Yeye alisema, "Jina nilipewa kabla sijaulizwa." Mkewe Anastazia alikuwa Mkatoliki wa kupiga magoti hasa. Kila Jumapili bwana mifugo alimpakia kwenye pikipiki mpaka kanisani, akakaa nje kwenye msingi wa ukuta na waendesha bodaboda mpaka misa iishe, akampakia tena wakarudi. Walianza hivyo wakiwa vijana na baiskeli, na sikuwahi kusikia mmoja akimlazimisha mwenzake.

Na msidhani alikuwa mtu wa kujitenga. Kwenye kuchimba makaburi ya majirani alikuwa wa kwanza kushika sururu. Wakati wa sala alisimama na sisi, akavua kofia yake. Siku moja nikamchokoza, "Ta Byamukama, hiyo kofia unamvulia nani?" Akasema, "Nawavulia ninyi." Nikajifanya nakoroga udongo.

Anastazia alipofariki, bwana mifugo ndiye aliyenisimamia kazi. Alitaka marumaru nyeupe, alitaka kingo ziwe za mviringo, na siku ya kusimika msalaba aliazima pima maji yangu akaupima mwenyewe mara tatu. Nikamwambia haijapata kutokea, mtu asiyeamini anasumbua fundi kwa ajili ya msalaba.

"Ni wa Anastazia," alisema. "Ukipinda, aliyepindiwa ni yeye."

Basi tukapumzika, tukanywa kahawa, na mimi kwa ulimi wangu huu nikaona nimfunge goli. Nikamwambia, "Kumbe na wewe una dini. Dini yako ni kutokuwa na dini."

Akaweka kikombe chini. "Fundi, wewe unakula senene?"

Alijua siwali. Nyaishozi nzima inajua. Nikila senene midomo inavimba kama nimepigana.

"Siku senene wakianguka," akaendelea, "watu wote wanakaanga, harufu kijiji kizima. Wewe unakula nini?"

"Maharage."

"Sasa niambie, kule kutokula kwako senene ni kitoweo gani? Kinaungwa kwa nini?"

Nilicheka mpaka nikamwaga kahawa. Lakini mimi si mtu wa kushindwa kirahisi, na nilipotulia nikamrudia. "Mimi sili senene, lakini sizunguki kijijini nikiwaambia watu kwamba wanakula mdudu. Wewe kila Ijumaa uko kwa katekista, unamhubiria mpaka chai inapoa. Asiye na dini anahubiri nini?"

Akatabasamu upande mmoja. "Hapo umenipata. Napenda ubishi. Lakini ubishi nao si dini, ni ugonjwa." Kisha sura yake ikabadilika. "Fundi, nikifa utanijengea. Nilale hapa karibu na huyu, na juu andika jina langu basi. Ila msije mkaniita kitu ambacho sikuwa, hata kwa nia njema. Binti yangu Adela nimeshamwambia."

Nikamwambia aache uchuro, tumalize marumaru.

Alifariki mwaka juzi, wakati wa kuchuma kahawa. Aliugua siku chache tu. Adela, binti yake, muuguzi aliyeacha kazi kwa muda kuja kumtunza, ndiye aliyekuwa naye. Kaka yake, Deusdedit, mfanyabiashara wa Bukoba, alifika asubuhi iliyofuata na gari lake la mizigo, na nyuma ya gari kulikuwa na msalaba wa chuma, umeshapakwa rangi nyeupe, umeshaandikwa jina la baba yake. Deus tulimwona akikua. Ni mtu mwema, mkarimu, Mkatoliki wa damu ya mama yake. Alishuka akalia mpaka akashikwa na watu, kisha akaniuliza kaburi litakuwa na ukubwa gani na msalaba utasimama upande gani. Adela akasema, "Msalaba hautasimama, kaka." Hivyo ndivyo ilivyoanza.

Sasa lazima niwaeleze kikundi chetu cha kuzikana, maana bila hicho hamtaelewa Adela alikuwa anapoteza nini. Ukifiwa, kikundi kinakuja na sufuria, mahema, viti, maharage, ndizi na kuni. Wanaume wanachimba, kina mama wanapika, na hakuna mwenye msiba anayeshika jembe wala mwiko wa ugali mpaka matanga yaishe. Asiyekwenda kwa wenzake haendewi, na nimeona kwa macho yangu mtu tajiri akizikwa na ndugu zake wanne na fundi wa kukodi. Hakuna aibu kubwa kuliko hiyo huku kwetu. Watoto wa marehemu yule walihama.

Ta Byamukama hakuwahi kukosa msiba. Lakini kikundi kina sheria zake, na moja inasema mwanachama atazikwa kwa taratibu za dini yake. Iliwekwa kwa busara. Zamani mume Mlutheri na mke Mkatoliki wakifa, koo zilivutana mpaka jeneza likakaribia kudondoka, ndipo wazee wakasema inatosha, kila mtu na kwao. Ila hawakuwaza mtu asiye na kwao.

Tulikaa kikao pale pale uani, asubuhi, kwenye nyasi zilizotandikwa. Mwenyekiti wetu ni Ma Kokushubira, mjane, Mkatoliki, mkali kama pilipili lakini wa haki. Katibu ni Mwalimu Projest, kijana wa shule ya msingi. Projest akasoma ile sheria, akasema kwa unyonge kwamba marehemu hana dini, kwa hiyo hana taratibu, kwa hiyo kikundi hakina cha kufuata. Watu wakaguna. Kisha akapata wazo, uso ukang'aa.

"Waitu, watu wa kwetu, wazee wangu na mama zangu, mbona ni rahisi? Marehemu hakuamini. Hiyo ndiyo iliyokuwa imani yake. Tukubaliane tu kwamba kutoamini ndiyo dini yake, na utaratibu wake ni kuzikwa bila sala. Sheria itakuwa imetimia."

Tulipumua wote. Wengine walipiga makofi. Mimi nilisema "sawa kabisa" kwa sauti, na niliona tumepata kijana mwenye akili. Lile neno tulilorushiana mimi na bwana mifugo kwa utani sasa lilikuwa linatutoa kwenye shimo, na nia yetu ilikuwa njema kuliko zote.

Adela akasimama. Alikuwa hajalala, macho mekundu.

"Nawashukuru, wazazi wangu. Najua mnataka kunisaidia. Lakini hapana. Baba amebishana na ninyi maisha yake yote kwa jambo moja tu, kwamba yeye hana dini. Mlimcheka, akacheka nanyi, lakini hakuwahi kukubali. Leo hawezi kujibu ndipo mnampa? Angekuwa anapumua mngeweza?"

"Lakini Adela," Projest akasema, "ni neno tu."

"Kama ni neno tu, basi liacheni."

Deus akadakia, naye alikuwa analia. "Kama hana dini yake, basi ana ya bibi aliyemzaa. Alibatizwa. Azikwe Kikatoliki, yaishe."

"Alibatizwa akinyonya, kaka."

"Na mimi nilibatizwa nikinyonya! Mbona ubatizo wangu ni wangu?" Akageukia watu. "Mimi sitaki kugombana na dada yangu. Ila niambieni, mtoto gani anaweza kumwangalia baba yake akifukiwa kimya kimya kama ng'ombe aliyekufa kwa ugonjwa? Ninyi mnaweza?"

Hakuna aliyeweza. Niliwahurumia wote wawili sana, na nakiri sikujua nani ana haki. Deus alikuwa anaogopa kwa ajili ya roho ya baba yake, na hiyo si hofu ya kuchekwa. Adela naye alikuwa anaogopa kwamba mtu aliyesema kweli miaka sabini na kitu atazikwa na uongo mdogo mtamu. Na wote wawili wangeweza kubaki na maiti uani bila kikundi.

Ma Kokushubira alikuwa anachezea nyasi muda wote. Mwishoni akasema, "Katibu, soma tena ile sheria." Projest akasoma. "Binti anasema marehemu hakuwa na dini. Nani hapa aliyemjua anasema binti ni mwongo?" Hakuna aliyesema. "Basi kikundi hakiwezi kumzika Ta Byamukama. Sheria tuliiweka wenyewe, hatutaizungusha kwa kumpaka marehemu rangi. Kikao kimefungwa."

Adela alikaa chini kama mtu aliyesukumwa, na hata Deus alisahau msalaba wake, akaenda akakaa karibu na dada yake.

Ma Kokushubira akasimama, akajifunga kanga vizuri kiunoni. "Sasa mimi naenda nyumbani kuchukua sufuria yangu. Ile kubwa ya kikundi ibaki stoo, isiguswe. Projest, na wewe mama yako ana sufuria. Fundi, unangoja nini, sururu huna?"

Ilichukua muda mfupi watu kumwelewa, halafu uani pakawa kama soko. Kila mtu alikwenda kwake na kurudi na chake. Sufuria zilikuja za kila ukubwa, nyingine bila mifuniko. Hatukuwa na mahema, tukakata matawi na kutumia maturubai ya kuanikia kahawa. Viti vilikuwa mchanganyiko wa vigoda, makreti na benchi la kanisa letu la Kilutheri ambalo sitasema nani alilibeba. Kikundi hakikuzika mtu siku zile. Waliozika ni majirani zake.

Nikijenga ukuta wa ndani, Projest alikuwa ananipokeza tofali na bado anajitetea, maskini. "Lakini fundi, si kila mtu ana kitu anachokiamini? Yeye aliamini hakuna Mungu. Imani si ndiyo dini?"

Nikamwambia, "Mwalimu, mimi naamini tofali hii haijaiva. Nisali?" Akacheka, lakini swali lake halikuwa baya, na nimelifikiria tangu siku hiyo. Nasikia mijini na nchi za mbali wapo wasioamini wanaokutana siku maalumu, wana nyimbo zao, wana wasemaji wao wa harusi na misiba. Hao pengine wamekaribia kuwa na kitu kinachofanana na dini, sijui, sijawajengea. Mimi nasema juu ya mtu niliyemjua. Na kuna jambo jingine nililiona kwenye kikao kile. Tulipotaka kumpa dini, tulikuwa tunajihurumia sisi wenyewe. Mtu asiye na chumba kwenye nyumba yetu anatusumbua, tunaona afadhali tumbandikie mlango wowote. Wengine wangefanya kinyume, wangesema hana dini kwa hiyo hana kitu ndani, ni mtungi mtupu. Hilo nalo lingekuwa uongo, na kama mtu aliyekaa nje ya kanisa kila Jumapili akimngoja mkewe alikuwa mtupu, mnaweza kujibu wenyewe.

Alizikwa kesho yake alasiri. Watu walijaa mpaka kwenye mibuni. Jeneza likashushwa, kamba zikatolewa. Adela akasema maneno machache: baba yake alizaliwa hapa, alitibu ng'ombe wa Kyerwa na Karagwe, alimpenda mama yao. Kisha akawashukuru majirani. Akarudi nyuma hatua moja.

Sasa hapa nawapa siri ya kazi. Fundi wa makaburi anaishi kwa Amina. Kuna Amina za katikati, hizo usizijali, na kuna Amina ya mwisho, inashuka taratibu na padri anafunga kitabu. Kwa Waislamu ni Amin ya dua, mikono inapita usoni. Ikitoka hiyo, wenye makoleo wanasogea, fundi anashuka na mabamba yake, kina mama wanaanzisha wimbo, watoto wanaachiwa mikono. Nimeingoja Amina hiyo kwenye kila msiba niliofanya kazi, na haijawahi kuninyima.

Siku ile haikuja. Tulisimama. Wenye makoleo walinitazama, nami nikamtazama Ma Kokushubira, naye akatazama chini. Hatukujua kama tumemaliza au bado. Jogoo akawika kwa jirani na watu wote wakageuka kumtazama kwa matumaini. Vijana, hapo ndipo nilipopata jibu mliloniuliza Kayanga. Kila dini niliyoijengea ilikuwa na neno la kuniambia sasa funika. Ta Byamukama hakuwa nalo. Aliliacha kwa hiari yake akijua, na sisi tuliomzunguka hatukujua hata kumaliza. Mtu mwenye dini nyingine hatuachi hivyo, anatupa utaratibu wake hata kama hatuupendi. Kwa hiyo mimi mwashi nasema kutoamini kwake hakukuwa dini, na sitambandika hiyo. Wenye vitabu wanaweza kunipinga.

Kisha Deus akasogea ukingoni. Watu wakashtuka, mimi nikatazama kule kwenye gari lenye msalaba, lakini mikono yake ilikuwa mitupu.

"Tata," akamwambia baba yake mle chini, "mimi nataka kukuombea. Najua hutaki. Nisipokuombea sitapata usingizi maisha yangu yote."

Akamgeukia dada yake. Sote tukamgeukia. Angesema hapana, msiba ungepasuka pale pale, na angekuwa na haki ya kusema hivyo.

Adela alimtazama kaka yake. "Omba, kaka," alisema. "Omba kwa kinywa chako. Usimwekee baba kinywani."

Akaomba kwa Kinyambo, lugha yetu, kwa ufupi, sauti ikikatika. Maneno yake sitayaandika, ni yake. Alipomaliza akasema Amina.

Jamani, ninyi mmelelewa kama sisi, mnajua. Mtu akisema Amina, mdomo unaitika kabla kichwa hakijaamua. Ma Kokushubira aliziba mdomo wake kwa ncha ya kanga. Projest alikuwa amefumba macho na kukaza taya. Mimi, Mlutheri wa kuzaliwa, niliuma ulimi mpaka ukaniuma kweli. Umati wote ule wa waumini, na hakuna hata mmoja aliyeitika. Amina ikabaki ya Deus peke yake.

Adela akamshika kaka yake mkono. Deus akafuta uso, akanitazama, akaniinamishia kichwa. Nikashuka kaburini, nikaanza kupanga mabamba.